Weka Alama, Usimwandikie



Ndugu msomaji, msimu wa maombi ya ufadhili unapokaribia, simu za baadhi yetu hujaa mafaili. "Kaka, nipitishie macho hapo." "Dada, niangalizie Kiingereza tu." Mara nyingi ujumbe huingia saa tano usiku, na maombi yanafungwa kesho yake saa sita mchana. Anayeombwa hufanya moja kati ya mawili. Ama anajibu "mashallah, safi sana" na kulala, ama anakesha akiiandika barua yote upya kwa Kiingereza chake mwenyewe. Wa kwanza tunamwona mvivu, wa pili tunamsifu kwa ukarimu. Mimi naona wote wawili hawajamsaidia mwenzao, na darsa la toleo hili ni kueleza kwa nini, na nini kifanyike badala yake.

Rai yangu ni fupi. Anayesoma kazi ya mwenzake aweke alama pale alipokwama, aseme kilichomkwamisha, kisha kalamu airudishe kwa mwenyewe.

Kwa wengi wetu hili si suala la maksi za darasani peke yake. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu kama 10,000 hivi. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea, kwa hiyo milango ya kutokea ni michache, na kadhaa kati yake hufunguliwa kwa maandishi. Kuna DAFI, mpango wa ufadhili ulioanza 1992 kwa fedha za Ujerumani. Kuna WUSC ya Kanada, ambayo tangu 1978 huwapokea wanafunzi wakimbizi katika vyuo vya huko. Kuna masomo ya chuo kwa intaneti ambayo Wajesuti waliyaleta Dzaleka mwaka 2010. Katika njia kama hizi mwombaji hufika mahali anapotakiwa kujieleza kwa maneno yake. Na sisi tuliopo kwenye vyuo vya Lilongwe, awe mtoto wa kambini au wa Area 36, kila muhula tunaandika insha na ripoti ambazo mwalimu hana muda wa kuzisoma mara mbili. Anayeweza kuzisoma kabla yake ni mwenzako.

Namfahamu ndugu mmoja, sitamtaja, aliyeandikiwa barua yake yote na jamaa mwenye Kiingereza kizuri. Barua ilipita. Akaitwa kwenye usaili, na mmoja wa wasaili akasoma sentensi kutoka aya ya pili, yenye maneno mazito kuhusu ustahimilivu wa jamii na mifumo yake, akamwuliza alimaanisha nini. Ndugu yetu akanyamaza. Kisha akajaribu, na kila alivyojaribu ndivyo ilivyoonekana kwamba sentensi ile si yake. Huyu ni mtu ambaye alikuwa akitengeneza redio na simu za watu sokoni tangu ana miaka 15. Angeulizwa habari ya redio angeongea mpaka Maghribi. Lakini katika barua ile hapakuwa na redio hata moja. Jamaa aliiona ni jambo dogo akaifuta, akaweka maneno makubwa. Sidai kwamba ndiyo sababu pekee ya kukosa nafasi. Ninachosema ni kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa amebeba barua ya mtu mwingine.

Sasa, wanazuoni wetu walikuwa na adabu kamili juu ya jambo hili, na inastahili tuijue kwa undani. Ibn as-Salah, mwalimu wa hadithi wa Damascus aliyefariki mwaka 643 Hijria, yaani 1245, aliandika kitabu mashuhuri juu ya elimu ya hadithi, na ndani yake ana mlango mzima kuhusu namna ya kuandika na kunakili. Katika zama zile mwanafunzi alinakili kwa mkono, kisha akakaa na mwenzake au na shekhe, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anafuatisha kwenye nakala. Zoezi hilo waliliita muqabala. Wakifika mahali fulani na kusimama kwa siku hiyo, waliweka alama pembeni kuonyesha kwamba mpaka hapa tumelinganisha.

Alama ninayotaka uitazame ni ile inayoitwa dhabba. Msomaji akikuta neno ambalo limepokewa hivyo hivyo katika nakala, lakini maana yake au sarufi yake inaonekana ina kasoro, hakuruhusiwa kulifuta na kuweka analoona yeye ndilo sahihi. Aliweka juu yake mstari mdogo wenye kichwa mfano wa herufi saad, akiuinua kidogo usiguse neno, ili asije mtu akadhani limekatwa. Alama ile ilisema: nimeona, nina shaka, lakini neno ni la mwenyewe. Sababu waliyoitoa ni ya unyenyekevu mkubwa. Huenda atakuja msomaji mwingine akaona njia ya kulieleza neno lile ambayo wewe hukuiona. Ibn as-Salah anataja pia watu waliojasiri kubadilisha, na kumbe walichobadilisha ndicho kilichokuwa sahihi.

Na pale ilipobidi kuondoa neno, walipendelea kulipigia mstari kuliko kulikwangua kwa kisu. Lililokwanguliwa limekwenda, lililopigiwa mstari bado linasomeka, na mwenyewe anaweza kulirudisha. Wewe unayefungua faili la mwenzako kwenye simu, ukafuta na kuandika juu yake na kumrudishia likiwa "safi", umekwangua. Hataona alikosea wapi, na hataona ulikosea wapi wewe.

Adabu hiyo hiyo tunaitumia msikitini. Imamu akisahau rakaa, walio nyuma wanaume husema subhanallah na wanawake hupiga kofi. Sauti ile haimwelezi imamu amekosea nini. Inamwambia kuna kitu, naye ndiye anayetafuta na kurekebisha, kwa sababu sala anaiongoza yeye. Na yule mtu aliyeswali kwa haraka mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupewa maelekezo mara moja. Alirudishwa akaswali tena, mpaka mara tatu, hadi yeye mwenyewe alipoomba afundishwe. Kuna kurudisha kazi ambako ni sehemu ya mafunzo.

Tuje kwenye mfano. Nimeutunga, ili nisianike kazi ya mtu, na nimeuweka kwa Kiswahili ingawa barua zetu nyingi ni za Kiingereza. Chukulia mwanafunzi ameandika hivi:

"Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuisaidia jamii yangu. Elimu ni ufunguo wa maisha. Katika dunia ya leo yenye changamoto nyingi, sisi vijana tunapaswa kuwa mawakala wa mabadiliko. Kwa sababu hiyo naomba nafasi ya kusomea ualimu. Pia nimewahi kuwafundisha watoto wa jirani hesabu za kugawanya tukiwa kwenye foleni ya bomba, kwa kutumia madumu."

Msomaji wa "safi sana" hana la kusema hapa, maana kila sentensi ni sahihi. Msomaji mkarimu atarekebisha mambo mawili matatu, ataongeza maneno kama "uwezeshaji" na "maendeleo endelevu", na kama ana haraka atafuta habari ya madumu kwa kuwa haina heshima ya kiofisi. Msomaji ninayemtafuta atasoma mpaka mwisho kwanza bila kushika kalamu. Kisha atarudi. Pembeni ya sentensi tatu za mwanzo ataandika: "Hapa nilikuwa nasoma barua ya mtu yeyote, sijakuona." Pembeni ya madumu: "Hapa nilisimama. Mligawanyaje kwa madumu? Watoto wangapi? Uliombwa na nani?" Na ataizungushia duara ile "pia", aandike: "Kwa nini hili limeingia kwa mlango wa nyuma?"

Hajaandika hata sentensi moja ya barua. Lakini mwenye barua sasa ana kazi ya kufanya, na jibu analo yeye peke yake. Atakaa akumbuke kwamba madumu yalikuwa 12 na familia zilizosimama mstarini zilikuwa 4, na kwamba mtoto mmoja alielewa pale tu alipoyasogeza kwa mkono. Akiyaandika hayo, akiitwa kwenye usaili hakuna swali litakalomfunga mdomo.

Utaona msomaji huyu hakuanza na tahajia. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo tunalolifanya vibaya zaidi. Kusahihisha herufi ni rahisi na kunamfanya anayesahihisha ajione msomi. Lakini ukimsahihishia mtu nukta na mikato katika aya ambayo kesho ataiondoa yote, umempotezea muda, na umemfundisha kuamini kwamba tatizo la aya ile lilikuwa ni mikato. Anza na swali: anataka kusema nini, na je, amelisema? Herufi zina siku yake, nayo ni siku ya mwisho.

Kuna makosa ya lugha, hata hivyo, yanayobeba maana, na hayo hayangoji. Sisi tuliokusanyika hapa tumetoka katika shule tofauti. Aliyesoma Bukavu au Bujumbura alisoma kwa Kifaransa. Aliyesoma Dowa au Lilongwe alifundishwa kwa Kiingereza. Kuna maneno ya Kifaransa na Kiingereza yanayofanana sura na kutofautiana maana. Kitenzi ambacho Kifaransa hukitumia kwa kuhudhuria mkutano, Kiingereza hukitumia kwa kusaidia. Ndugu kutoka Kongo anaandika kwa nia njema kabisa kwamba alihudhuria mafunzo ya afya, na msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba aliyasaidia kuyaendesha. Kwenye usaili ataulizwa aliwafundisha watu wangapi. Hapo kosa la neno moja linaonekana kama uongo wa mtu. Ukiliona neno kama hilo, weka alama na uulize moja kwa moja: ulikaa darasani, au ulifundisha?

Mengine ni mepesi. Atakayeandika kwa Kiingereza kwamba "ana" miaka 22 ametafsiri kutoka Kifaransa, au kutoka Kiswahili, maana lugha zote mbili husema hivyo, na Kiingereza husema mtu "ni" wa umri huo. Wengine huchanganya L na R. Mambo haya yanarekebishika kwa dakika moja na hayastahili kuchekwa. Surat al-Hujurat imekataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kejeli, na sioni sababu ya kudhani makosa ya lugha yamevuliwa katika katazo hilo. Nimesikia mtu akiitwa "Monsieur" mwaka mzima kwa sababu ya insha moja. Hakuonyesha mtu kazi yake tena.

Tofauti iliyo kubwa kuliko maneno ni mpangilio, na wengi wetu hatuijui. Katika shule za Kifaransa mwanafunzi hufundishwa insha inayoanza kwa kuuliza swali. Hutoa upande mmoja wa hoja, kisha upande unaoipinga, na mwishoni hufika kwenye msimamo unaozikutanisha pande hizo. Msimamo wa mwandishi huonekana mwisho, na hiyo ni heshima kwa msomaji: umemtembeza njia nzima. Katika shule za Kiingereza mwanafunzi huambiwa atoe msimamo wake katika aya ya kwanza, kisha autetee. Sasa Mmalawi akisoma insha ya Mkongomani, akifika aya ya tatu na kukuta mwandishi anapinga alichosema aya ya pili, anaandika pembeni: "Hujui unachosema." Na Mkongomani akisoma insha ya Mmalawi anaona kiburi, mtu ametoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Wote wawili wamefanya walichofundishwa. Kwa hiyo unaposoma kazi ya mtu aliyetoka shule nyingine, usiseme amepotea. Mwambie: "Mwalimu wa kozi hii atatafuta msimamo wako katika aya ya kwanza. Mimi nimeukuta kwenye aya ya mwisho. Utauleta mbele?" Huko ni kumwonyesha desturi ya mahali, na uamuzi unabaki kwake. Binafsi naipenda ile njia ya Kifaransa, na nasikitika kwamba hapa inatupotezea maksi.

Upande wa anayepokea ni mgumu zaidi, na hapa ndipo vikao vingi huvunjika. Mtu anasomewa maoni juu ya aya yake na papo hapo anaanza kujitetea: "Hapana, nilimaanisha kwamba..." Kinachofuata huwa ni maelezo mazuri mno, wakati mwingine mazuri kuliko aya yenyewe. Lakini hutakuwepo mezani kwa mwalimu kuyatoa maelezo hayo, wala barua yako haitasafiri na wewe ndani ya bahasha. Katika kikao chetu cha Jumamosi baada ya Alasiri tuna kanuni moja: mwenye kazi anasikiliza na kuandika, hasemi mpaka wote wamemaliza. Akiona jambo analolieleza vizuri kwa mdomo kuliko lilivyo kwenye karatasi, ampe mwenzake alinakili neno kwa neno pale pale. Mara nyingi hiyo ndiyo aya iliyokuwa inatafutwa.

Kunyamaza hakumaanishi kukubali kila kitu. Nyumbani utayapanga maoni uliyopewa. Wasomaji wawili wakikwama mahali pamoja, amini kwamba pana shida, hata kama dawa wanazotoa zinapingana. Mmoja anasema fupisha, mwingine anasema ongeza. Wote wawili wamekuonyesha mahali, na dawa ni juu yako. Msomaji mmoja akikwama peke yake, jiulize ni nani. Kama ni mgeni kabisa na mada yako, na mwalimu wako ni mtaalamu, unaweza kuliacha. Lakini kama barua inakwenda kwa kamati ya watu wasioijua Dzaleka, basi huyo mgeni ndiye msomaji wako wa kweli kuliko sisi wote tunaojua bomba liko wapi.

Na uwe na swali unapoomba kusomewa. "Nipitishie macho" ni ombi lisilo na mwisho, na jibu lake la kawaida ni mashallah. Ukisema "Niambie ni wapi ulitaka kuacha kusoma" au "Je, unaamini kwamba kweli nataka ualimu?", msomaji anajua afanye nini. Mletee mapema pia. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho hakuna anayeweza kukupa maoni. Anachoweza ni kukuandikia.

Jambo la amana halitoshi kutajwa kwa sentensi moja. Barua za watu wa Dzaleka hubeba habari ambazo mwandishi hajawahi kuwaambia hata majirani: nani aliuawa, walikimbia vipi, mama yuko wapi. Ukitumiwa faili kama hilo umekabidhiwa. Usilipeleke kwa mtu wa tatu ili "naye aangalie", usiliweke kwenye kundi la WhatsApp, usimhadithie mtu hata bila jina, kwa sababu kambi ni ndogo na watu hujumlisha. Ukimaliza, lifute kwenye simu yako, hasa kama simu mnaitumia nyumba nzima.

Na kuna ushauri mmoja ambao nauchukia waziwazi. Ni ule wa kumwambia mtu aongeze mateso. "Hapa weka uchungu zaidi, wazungu wanapenda." Nimeusikia mara nyingi, na huwa unatoka kwa watu wanaomtakia mwenzao mema. Kwanza, ni kumsukuma mtu kwenye uongo. Pili, ni kumlazimisha afungue kidonda kwa ajili ya aya moja. Msomaji anaweza kuuliza, "Je, unataka jambo hili liwemo?" na akiambiwa hapana, asirudi tena kwenye swali hilo. Kuna watu wenye barua nzuri sana zinazoanzia siku waliyofika Dowa. Yaliyotangulia wameyaacha yakae yalipo, na ni haki yao.

Malawi ina historia yake ya vikao vya namna hii, na inafaa tuifahamu kwa kuwa ndiyo nchi tunayosomea. Mwaka 1970, katika Chancellor College ya Chuo Kikuu cha Malawi, ilianzishwa warsha ya waandishi ambamo wanafunzi na walimu wao walikaa pamoja kujadili mashairi na hadithi ambazo hazijachapishwa. Jack Mapanje, Lupenga Mphande, Felix Mnthali, Steve Chimombo na Frank Chipasula ni miongoni mwa waliopita humo. Ilikuwa ni zama za Rais Banda. Sheria ya udhibiti wa maandishi ilikuwepo tangu 1968, na mstari mmoja wa shairi uliweza kumfikisha mtu pabaya. Mapanje alichapisha diwani yake ya kwanza 1981, akakamatwa Septemba 1987 na kuachiwa Mei 1991 bila kufikishwa mahakamani. Hebu fikiria maana ya kumpa mwenzako rasimu katika hali ile. Maoni juu ya mstari wa shairi yalihitaji kwanza uhakika kwamba karatasi ile haitatoka chumbani kwa njia mbaya. Watu wale walikuwa na mengi ya kupoteza kuliko sisi, na bado walikutana, wakasomeana, wakabishana juu ya neno.

Neno la pembeni kuhusu dada zetu. Nimetazama kazi zinazorudishwa katika vikao vyetu, na kazi za akina dada hurudi na mojawapo ya mambo mawili: sifa tupu, au masahihisho ya tahajia. Hoja yenyewe haiguswi. Nadhani baadhi ya akina kaka wanaona ni adabu kutompinga dada, na hapo wanamdhulumu, maana mwalimu wake hatakuwa na adabu hiyo. Uliza hoja yake kwa uzito ule ule unaouliza ya kaka. Na hilo lifanyike kwenye kikao au kwenye kundi la wasomaji watatu wanne wanaojulikana, si kwa ujumbe wa faragha wa saa sita usiku. Kikao kikiwa na akina dada watatu wanaoweza kusomeana wenyewe, nacho ni kizuri, lakini wasifungiwe humo. Tumekosa maoni yao juu ya insha zetu kwa muda mrefu.

Wengine wataniuliza kuhusu programu za akili bandia zinazoandika barua kwa sekunde kumi. Nazo ni kama yule jamaa mkarimu aliyefuta redio, isipokuwa hazichoki. Ukitaka kuzitumia, ziulize maswali na uzikatalie kalamu.

Mwisho ni suala la umbali. Wenzetu wa Dzaleka hawawezi kuja mjini kila Jumamosi. Nauli ipo, ruhusa ya kutoka ni jambo jingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kusomeana kwetu inapita kwenye simu, na simu zina taratibu zake. Kabla ya kutuma, zipe aya zako namba, ili msomaji aseme "aya ya 3, mstari wa 2" na mwelewane bila kupigiana. Kama umeandika kwa mkono, piga picha mchana karibu na mlango, karatasi ikiwa imelala, picha moja kwa kila ukurasa. Msomaji atume maoni kwa ujumbe wa sauti usiozidi dakika tatu; bando la mwenzako si la kuchezea, na ukijua una dakika tatu utataja yale mambo mawili makubwa na kuyaacha madogo. Anayepokea asikilize mara mbili, ya pili akiwa na karatasi mkononi, na asijibu siku hiyo.

Rasimu za muhula huu zitapokelewa na wasimamizi wa kikao mpaka wiki mbili kabla ya tarehe ya kufungwa kwa maombi. Atakayeleta baada ya hapo tutamsomea, lakini tutaangalia herufi tu.